Mwalimu ameondoka, kanda zake zingalipo

Mwalimu mstaafu aliyependa muziki akifariki hapa Mombasa, aghalabu huacha vitu viwili ambavyo hakuna anayeviulizia siku za matanga: katoni ya kanda za kaseti na rundo la madaftari. Watu hukimbilia picha. Picha itamwonyesha akiwa na suti mbele ya darasa. Alichokuwa akikisikiza usiku, na pengine sauti yake mwenyewe akiwahesabia watoto kabla ya kwaya kuanza, vimo kwenye kanda. Anayetaka kumwandalia kumbukumbu yenye uzito aanze na hiyo katoni.

Hewa ya pwani imeshaanza kuila. Unyevu hutia kutu skrubu, na kanda iliyokaa uvunguni masika baada ya masika huota ukungu, unaoonekana kama vumbi jeupe pembezoni mwa utepe ukichungulia kwenye kidirisha. Hiyo usiitie mashineni, kwa sababu ukungu utabaki kwenye kichwa cha kusomea na kuhamia kanda zinazofuata. Ifunge peke yake, ingoje fundi. Zilizo safi, zivunje kwanza vile vijipande viwili vya plastiki vya ukingo wa nyuma, mtu asije akabonyeza kitufe chekundu akamfuta marehemu. Kisha zungusha kila kanda hadi mwisho na uirudishe, maana utepe uliokaa miaka hugandana. Kanda ya dakika 120 izungushe kwa kalamu, polepole: utepe wake una unene wa mikroni 9 tu, nusu ya ule wa kanda ya dakika 60, na mashine yenye pupa huukata.

Sauti ikitoka kwa mbali, huenda kile kisponji kinachousukuma utepe kwenye kichwa kimebanduka gundi. Fungua skrubu tano, hamisha utepe kwenye gamba la kanda nyingine, ufunge.

Kurekodi kwa simu iliyowekwa mbele ya redio ni kazi bure. Utapata wimbo, honi za tuktuk na sufuria za jirani kwa pamoja. Tafuta mashine ya kaseti, mpe fundi abadilishe mpira wa kuzungushia, kwani wa zamani hulegea au huyeyuka, na wimbo ukayumba. Kichwa kisafishe kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, baadhi yake ina mafuta. Gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Sauti ikiwa bado imezibazibika, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Izungushe kidogo kidogo huku ukisikiza herufi "s" ya mwimbaji na mkwaruzo wa fidla, na uiache pale vinapong'aa zaidi. Kazi hii hurudiwa kwa kila kanda, kwa kuwa kila moja ilirekodiwa kwa mashine yake.

Pitisha waya kutoka mashine hadi kompyuta, hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, na kilele cha sauti kisipite -6 dB kwenye kipimo cha kompyuta. Kanda ya dakika 90 itachukua takriban gigabaiti 1. Usiiharakishe, dakika 90 ni dakika 90.

Zikiwa nyingi, uanze na ipi? Nyingi zitakuwa nakala za santuri, kama zile za lebo ya Mzuri zilizotolewa na Assanand & Sons wa hapa mjini. Hizo ziwekwe nyuma, kwa kuwa santuri yenyewe huenda iko kwingine. Kanda ya arusini haina nduguye popote. Wala usiamini maandishi ya juu: walimu walikuwa wakibana matumizi, kanda moja ikirekodiwa mara tatu. Sikiza hadi mwisho, na upande wa pili hata kama umeandikwa "tupu".

Kisha watafute wanaojua. Kati ya waimbaji wa taarabu, Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin 2016, lakini waliokuwa wakihudhuria arusi zao wangalipo, na kina mama ndio wenye kumbukumbu kali zaidi. Cheza nusu dakika, nyamaza, rekodi wanayosema. Uliza shairi ni la nani, udi umepigwa na nani, arusi ilikuwa mtaa gani. Na uliza hasa wimbo ulimlenga nani! Taarabu ya Mombasa imejaa mafumbo, na kijembe cha mwaka 1980 bado kinaweza kumchoma mtu aliyekaa safu ya mbele. Wimbo wa namna hiyo usichezwe mbele za watu mpaka wahusika wamekubali.

Madaftari nayo yana mtego wake. Nyimbo za kwaya ziliandikwa kwa solfa, yaani herufi d r m f s l t badala ya noti, nukta pacha zikitenga mapigo, kistari kikirefusha noti. Alama ndogo ya juu au ya chini ya herufi huonyesha noti imepanda au kushuka oktava, na hiyo ndiyo hupotea wimbo unapochapwa upya. Piga picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, kisha umwite anayesoma solfa auimbe mstari kwa mstari. Nyimbo za lazima za Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, zina nakala zilizochapwa. Alizotunga mwenyewe, au kuzipangia sauti, ndizo za kwanza.

Hitma na muziki visichanganywe. Iache hitma iwe hitma, na baraza ya nyimbo iwekwe siku nyingine, kwa idhini ya wazee wa nyumba. Ikiwa ameacha mjane, yeye ndiye atakayejua kila kanda ilitoka wapi, lakini yuko edani miezi minne na siku kumi, kwa hivyo usimwite barazani. Mpelekee binti yake au dada yake spika ndogo na orodha ya kanda zisizo na majina, wamsikizishe nyumbani, siku anayotaka mwenyewe.