Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Wiki hii gari langu limetimiza mwaka mmoja bila kuongezwa gesi ya AC. Nimeona niandike, kwa kuwa juzi msomaji mmoja alinieleza kwamba amejaziwa gesi mara mbili tangu Desemba na bado anakaa kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, akiwa ameshusha vioo vyote. Masaibu hayo nayajua vizuri, maana mimi nililipia gesi mara tatu.

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004. Kila niliporudi gereji niliambiwa kwamba gesi imeisha, kana kwamba ni petroli. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu mfumo wa AC umefungwa: gesi ya R134a hubanwa na kompresa, hupoa na kuwa kimiminika kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, hupanuka inapoingia kwenye evapereta iliyo nyuma ya dashibodi na kuleta ubaridi, kisha hurudi ilikotoka. Haiungui. Ikipungua ndani ya wiki chache, pana mahali inapotokea, na mara nyingi ni kwenye oringi, vile vipete vya mpira vinavyoziba maungio ya mabomba, ambavyo baada ya miaka mingi karibu na joto la injini hukakamaa na kubonyea.

Niliyemwendea mwishowe ni jirani yangu, fundi wa mafriji. Alinionyesha doa la mafuta lililogandwa na vumbi kwenye ungio la kondensa. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo gesi inapovujia huacha alama. Oringi tuliyoitoa hapo ilikuwa bapa na ngumu kama plastiki.

Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe. Kwa haraka nilinunua oringi za mabomba ya maji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikazivika zikiwa kavu. Baada ya wiki tatu hewa ya moto ikarudi. Nilikuwa nimepoteza fedha, gesi na heshima nyumbani.

Mara ya pili nilikwenda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani nikaomba oringi za HNBR, mpira unaohimili R134a na mafuta ya kompresa aina ya PAG. Nyingi huwa za kijani, lakini rangi peke yake si ushahidi. Nunua kwa muuzaji anayejua anachouza, na ulinganishe kipenyo na unene na vipimo vya gari lako, si na ile ya zamani iliyokwisha kubonyea. Kabla ya kufungua chochote, gesi iliyobaki ilinyonywa kwa mashine. Usiifungulie hewani: huchemka kwenye nyuzi -26 za Selsiasi, ikigusa ngozi au jicho hugandisha, na huipasha dunia joto kupita hewa ya ukaa zaidi ya mara elfu moja.

Kila ungio tulilishika kwa spana mbili ili bomba la alumini lisijipinde. Tulifuta kiti cha oringi kwa kitambaa kisicho na nyuzi, tukaipaka oringi mafuta ya kompresa, tukakaza bila kulazimisha. Narudia suala la mafuta: oringi kavu hujikunja na kukatika wakati wa kukaza. Tulibadilisha pia draya, kifaa kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo, kwa sababu ikikaa wazi hufyonza unyevu, na unyevu ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula mfumo kutoka ndani.

Kisha tukaweka pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu, kwa dakika 45, tukafunga vali na kusubiri nusu saa tukitazama geji. Mshale haukusogea, yaani hapakuwa na uvujaji. Ndipo gesi ikaingizwa kwa mizani, kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti.

Ndugu zangu wenye magari, msikubali kujaziwa gesi kabla hamjaonyeshwa inapovujia. Nanyi mafundi, nawasihi: mteja anayerudi kila mwezi anaumia, na anastahili kuambiwa ukweli tangu siku ya kwanza.

Gesi huweza pia kuvujia kwenye sili ya shafti ya kompresa, lakini hilo ni jambo jingine. Hiyo huhitaji klachi kung'olewa na vifaa maalumu, mimi sikuigusa. Msomaji wangu, anza kesho asubuhi injini ikiwa ya baridi: fungua boneti, chukua tochi, utafute vumbi lililoshikana na mafuta kwenye maungio ya kondensa.