Naishi ghorofani Dodoma na watoto wanataka mbwa: nichukue aina gani?

SWALI

Daktari, habari za kazi. Tunaishi Kisasa, Dodoma, ghorofa ya pili, vyumba viwili vya kulala na balkoni ndogo inayotazama magharibi. Mimi na mume wangu tunafanya kazi Mtumba. Tunatoka saa 12:30 asubuhi, tunarudi jioni. Watoto wana miaka 6 na 9, na mchana dada wa kazi yupo nyumbani. Watoto wanaomba mbwa kila siku. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ametutumia picha za watoto wa Pug. Anasema ni mbwa wa ndani, hakui, habweki, na atatupakilia kwenye basi. Shemeji yangu anasema tuachane na hao, tuchukue German Shepherd atulindie nyumba. Mwenye nyumba hajakataa, ila hataki kusikia kelele. Tuchukue yupi?

Mama wa wawili, Kisasa

JIBU

Dada yangu, kati ya hao wawili msichukue hata mmoja. Pug atateswa na joto la Dodoma. German Shepherd atateswa na kufungiwa, na akishateseka yeye, jengo zima litasikia. Yupo mbwa wa kuwafaa, na nadhani yuko karibu na ninyi kuliko Dar es Salaam, lakini kwanza nieleze kwa nini nawakataa hao, kwa sababu picha za Pug zinavutia kweli na muuzaji hatakata tamaa mara moja.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema: mdomo wazi, ulimi nje, hewa ikipita kwa kasi puani na juu ya ulimi na kuondoka na joto. Pug, French Bulldog, Pekingese, na kwa kiasi fulani Shih Tzu, wamezalishwa kizazi baada ya kizazi wakichaguliwa wale wenye uso uliobonyea zaidi. Mifupa ya uso imefupishwa, lakini nyama za ndani hazikupungua. Matundu ya pua yamebanwa, kaakaa laini limezidi urefu na kuning'inia kwenye njia ya hewa. Joto likipanda, mbwa huyu anahema kwa nguvu zaidi, koo linavimba, hewa inazidi kuwa ndogo, na misuli ile ile inayohangaika kuvuta hewa inazalisha joto jingine. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 na kuendelea, ubongo, figo na utumbo vinaanza kuharibika, na mbwa anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Sasa fikiria nyumba yenu mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la nje likiwa limevuka nyuzi 30, jua la alasiri linapiga moja kwa moja kwenye balkoni, umeme umekatika na feni imesimama. Kabla ya hapo kuna miezi ya upepo na vumbi, nalo vumbi halimsaidii mbwa ambaye kuvuta hewa safi tu ni kazi. Na safari yenyewe? Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilomita 450 hivi. Mtoto wa Pug kwenye boksi ndani ya buti la basi ni jambo nisilokubali hata kidogo, awe wa bure au wa kununua. Uholanzi imefika mahali pa kupiga marufuku kuzalisha mbwa wenye pua fupi kupita kiasi, kwa sababu ya mateso haya haya ninayoyaeleza.

Ukikutana na mbwa wa pua fupi popote, inama umtazame puani. Matundu yenye afya ni wazi na ya mviringo, unaona giza la ndani. Ya Pug wengi ni mfereji mwembamba tu, na akivuta pumzi pembe za pua zinaingia ndani badala ya kufunguka. Kisha nyamaza umsikilize akiwa ametulia, macho wazi. Ukisikia mkoromo kama wa mtu aliyelala, ujue ana shida ya kupumua. Watu huuchekea mkoromo huo na kuurekodi kwenye simu.

Kuhusu German Shepherd, namheshimu shemeji yako lakini hapa hajapata. Huyu ni mbwa aliyezalishwa achunge kondoo kutwa nzima, baadaye akachukuliwa na polisi na majeshi kwa sababu hachoki na anapenda kupewa kazi. Mpe uwanja, mpe mtu wa kumfundisha, ni mbwa hodari. Mfungie kwenye vyumba viwili kwa saa 11 na atajitafutia kazi mwenyewe: atatafuna milango, atabwekea kila hatua ya mtu kwenye ngazi. Ulinzi wa ghorofa ya pili ni mlango mmoja, na mbele ya mlango huo wanapita watu wa nyumba zote za juu. Tena aina hii ina tatizo la nyonga linalorithiwa. Siku akishindwa kupanda ngazi, ni nani atakayebeba kilo 35?

Watu wengi wanaoniuliza swali hili huanza na ukubwa wa mbwa, wakiamini mdogo ndiye wa ghorofani. Ukubwa unadanganya. Jack Russell ana kilo 6 au 7 tu, lakini alizalishwa Uingereza kuwafuata mbweha hadi mashimoni akibweka ili wawindaji wajue alipo. Ukimweka ndani, ndivyo atakavyofanya. Beagle naye ana sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kwa upande mwingine, Greyhound, mbwa wa mbio mwenye kilo 30, akishatembezwa vizuri hulala sehemu kubwa ya siku. Angalia nguvu alizo nazo, sauti yake, na uwezo wake wa kukaa peke yake, halafu ndipo uangalie kilo. Kwa Dodoma ongeza na pua.

Utasikia pia watu wakimsifia Basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo, kwa kuwa habweki kama wengine. Ni kweli, habweki kwa kawaida, ingawa ana mlio wake wa kuimba, lakini ni mwindaji mwenye moto mwingi na akiachwa ndani bila kukimbizwa huharibu vitu. Dachshund ana mgongo mrefu na miguu mifupi, na ngazi za kila siku zinaweza kumuumiza uti wa mgongo. Chihuahua anapakatika vizuri, ila mifupa yake ni myembamba, na mtoto wa miaka 6 akimwangusha kutoka kwenye kochi mguu unavunjika. Husky na Malinois sitawajadili. Wasiletwe kwenye nyumba yenu.

Ningekuwa ndiye ninayewachagulia, ningetafuta mbwa chotara wa hapa hapa, jike aliyekwisha kutolewa kizazi, mwenye umri wa miaka miwili au zaidi, kilo 8 hadi 15, pua ndefu na manyoya mafupi. Mbwa wa aina hii wameishi na Wagogo na ng'ombe wao katika joto na ukame huu tangu zamani. Manyoya mafupi hayashiki vumbi wala miiba na unaweza kuona kupe kwa macho. Faida kubwa zaidi ni kwamba kwa mbwa aliyekwisha kukua hubahatishi tabia, unaiona. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 anauzwa kwa sura, na tabia yake mtaijua miezi kumi baadaye mkiwa mmeshampenda.

Lakini si kila mbwa wa mtaani anafaa. Aliyezoea kuzurura usiku kucha hatavumilia mlango uliofungwa. Mtafute kwa familia inayohama au isiyoweza kuendelea kumtunza, mbwa aliyekaa na watu na watoto. Nenda umwone zaidi ya mara moja, na mara moja iwe jioni, wakati mbwa wengi huchangamka. Nenda na watoto. Dondosha mfuniko wa sufuria sakafuni: kushtuka si kosa, muhimu arudi hali yake baada ya muda mfupi na asogee kunusa. Mguse masikio na vidole vya miguu, kwa kuwa watoto watamgusa hapo. Kisha muombe mwenyewe mtoke nje wote, mmwache chumbani peke yake kwa dakika 20, ninyi mkisikiliza mlangoni. Kulia kidogo mwanzoni kunasameheka. Akibweka na kukwaruza mlango dakika zote 20, mwenye nyumba wenu ameshawajibu.

Kama mioyo imeshikilia mbwa wa kizungu, basi Poodle mdogo au Maltese. Wana pua ya kutosha, wanafundishika, manyoya yao hayapukutiki sana. Hata hivyo yanakua bila kukoma, na kwa vumbi la Dodoma lazima yanyolewe mafupi kila baada ya wiki kadhaa, la sivyo yanasokotana na ngozi chini yake inaoza. Uliza kwanza nani atamnyoa na kwa bei gani.

Iwapo mtachukua mtoto, kuna jambo linalowakwamisha watu wa ghorofani kuliko wengine wote, nalo ni Pavo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, vikisubiri mbwa asiye na kinga. Mtoto hachukuliwi kuwa salama mpaka amalize mfululizo wa chanjo, ambao huishia karibu wiki ya 16, na zipite wiki mbili hivi. Kabla ya hapo asitembezwe chini mahali wanapopita mbwa wengine. Kwa hiyo kwa miezi miwili au zaidi haja zote atafanyia ndani, kwenye beseni pana la balkoni lenye magazeti au mchanga. Mtoto wa miezi miwili hubana mkojo kwa saa mbili au tatu tu. Nani atakuwa anambeba kwenda kwenye beseni saa nne, saa sita, saa nane mchana?

Ni dada wa kazi. Ninyi mko Mtumba. Mbwa huyu, aina yoyote ile, atakuwa wa dada kwa saa nyingi kuliko atakavyokuwa wa watoto, na katika barua yako hukuandika kama yeye anataka. Muulize, tena muulize akiwa huru kukataa. Wapo wanaoogopa mbwa tangu utotoni, wapo ambao dini yao inawataka wajiepushe na mate ya mbwa. Akikubali, hiyo ni kazi ya ziada na ilipwe. Akikataa, mbwa asubiri, kwa sababu mbwa anayeishi na mtu anayemwogopa hufungiwa balkoni, na balkoni yenu ni ya jua la magharibi.

Matembezi yawe alfajiri kabla hamjaondoka na jioni jua likishuka, dakika 30 kila safari kwa mbwa niliyemweleza. Weka kiganja kwenye lami au saruji; usipoweza kukiacha hapo kwa sekunde tano, naye hawezi kukanyaga. Mkirudi kagueni nyayo, maana mbigili wa Dodoma hujificha katikati ya vidole na mbwa huanza kuchechemea kesho yake. Kwenye ngazi mshike kamba fupi upande wa ukutani, na mwache jirani apite kwanza. Baadhi wanakwenda msikitini na hawapendi kuguswa na mbwa, na heshima hiyo ndogo huzuia malalamiko mengi. Kinyesi kiokotwe, kila mara.

Kupe nao ghorofani ni habari nyingine. Kupe wa kahawia wa mbwa hahitaji majani wala zizi. Anaweza kuzaliwa na kukua humo humo ndani ya nyumba. Jike akishashiba damu huanguka, hupanda ukutani na kutaga mayai kwa maelfu kwenye ufa, nyuma ya fremu ya mlango au kwenye pindo la pazia. Mkiona vijidudu vidogo vinapanda ukuta karibu na anapolala mbwa, mmechelewa, na jirani wa mlango wa pili naye atavipata. Kupe huyu ndiye pia anayeeneza ugonjwa wa damu unaoleta homa, fizi nyeupe na kutokwa damu puani. Tumieni vidonge vya kupe vya kumeza, vya mwezi mmoja au vya miezi mitatu, kulingana na uzito. Msimwogeshe mbwa mdogo kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi kwa kukisia kipimo. Kwa Chihuahua na watoto wa mbwa hata kipimo cha kawaida ni hatari.

Mkishampata, mpelekeni kwa daktari wa mifugo kabla hajafika nyumbani, mkiwa na kadi yake ya chanjo. Asiye na kadi mhesabuni kuwa hajachanjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Muulizeni ofisa mifugo wa kata yenu kuhusu chanjo za kampeni kuelekea Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Na watoto wafundisheni tangu siku ya kwanza: wakiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata huyu wa kwao, waseme mara moja, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari wa mifugo, Dodoma