Barua kwa mwanangu: tuzipange vipi santuri za nyumbani?

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu Furaha,

Barua yako kutoka Bukavu imenifikia, na sisi sote huku Katuba tu wazima. Mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza, utakapokuja mwezi wa Julai kunisaidia na santuri zilizojaa chumba cha nyuma, tuzipange kwa alfabeti ya majina ya waimbaji, kwa miaka, au kwa aina ya muziki. Naona wewe unaelekea kwenye alfabeti, kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyopangwa maktabani. Mimi sikubaliani nawe, na nitakueleza kwa nini.

Majina ya wanamuziki wetu hayakutulia mahali pamoja. Yule anayeitwa Rochereau kwenye santuri za miaka ya 1960 anakuwa Tabu Ley baada ya amri ya mwaka 1972 iliyotutaka sote tuache majina ya ubatizo. Franco huandikwa Franco hapa, na pale Luambo Makiadi, na mara nyingi halionekani jina lake bali la orkestra yake tu, OK Jazz. Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, utamweka kwenye B, kwenye J au kwenye M? Tukifuata alfabeti, mtu mmoja atalala kwenye rafu tatu, na kila anayemtafuta atampata nusu. Kupanga kwa miaka nako hakufai, kwa maana santuri ndogo nyingi hazikuandikwa mwaka. Na tukipanga kwa aina ya muziki, tutapata fungu moja kubwa mno la rumba na vifungu vingine vya kutia aibu.

Pendekezo langu ni kufuata orkestra, na orkestra zenyewe tuzipange kama ukoo, mzazi kwanza, kisha watoto wake. African Jazz ya Kabasele itangulie. Baada yake ije African Fiesta, iliyoundwa mwaka 1963 Rochereau na mpiga gitaa Docteur Nico walipomwacha Kabasele. Halafu, kwa kuwa hao wawili nao waliachana, upande mmoja uende African Fiesta Sukisa ya Nico, na upande wa pili zile za Rochereau mpaka Afrisa. OK Jazz, iliyoanza mwaka 1956, itachukua rafu yake peke yake, na pembeni yake tumweke mpiga saksofoni Verckys, aliyetoka humo mwaka 1969 akaunda orkestra yake, Vévé. Zaïko Langa Langa, ambayo pia ni ya 1969, imezaa wengi kiasi kwamba nitakuachia wewe kazi hiyo, maana ni muziki wa rika la baba zako wadogo kuliko langu. Faida ya mpango huu ni kwamba anayesimama mbele ya rafu anasikia jinsi gitaa la Nico lilivyohama kutoka nyumba moja hadi nyingine, jambo ambalo alfabeti haiwezi kumwonyesha.

Wanagitaa wa Katanga, yaani Bosco, Édouard Masengo na Losta Abelo, hawakuhitaji orkestra kubwa, kwa hiyo watakuwa na mahali pao, rafu ya kwanza, usawa wa kifua. Usiniulize kama huo ni upendeleo, kwa sababu ni upendeleo.

Ila hapo pana jambo la kuangalia. Santuri zao za zamani ni za mizunguko 78 kwa dakika, na hizo hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki, ambao huvunjika kama kigae na kuyeyuka ukiguswa na alkoli. Kwa hiyo usizisafishe kwa dawa yoyote yenye alkoli. Brashi laini na kitambaa kikavu vinatosha. Zisichanganywe na zile kubwa za mizunguko 33 wala zile ndogo za 45, kwani vipimo vyake ni tofauti, na santuri ndogo ikibanwa kati ya kubwa mbili inazipinda. Kila kipimo kiwe na rafu zake, na ndani ya kila kipimo ukoo urudiwe kwa mpangilio uleule.

Zote zisimame wima. Zikilazwa, za juu zinazikandamiza za chini. Zikiegemea, zinapinda polepole, hasa kwenye joto. Nimemwambia fundi wa mbao kwamba rafu za santuri kubwa ziwe na kimo cha sentimita 34 kwa ndani, na kwamba ubao wa kutenganisha uwekwe kila baada ya sentimita 30 hivi. Alidhani natia chumvi kuhusu uzito mpaka nilipompa rundo alibebe: mita moja ya santuri hizo ina uzito unaopita kilo 60. Kabati likae mbali kidogo na ukuta wa nje, ambao hulowa wakati wa mvua, nalo liwe na miguu, kwa sababu mchwa wa Lubumbashi wanayapenda majalada ya karatasi nene kuliko sisi tunavyoupenda muziki uliomo.

Kazi yako hasa itakuwa daftari. Kila santuri ipewe namba, kisha uandike jina la orkestra, kampuni iliyoitoa, namba ya kampuni iliyo kwenye kibandiko cha katikati, na nyimbo za pande zote mbili pamoja na watunzi wao. Hapo ndipo majina yote ya mtu mmoja yatakapokutana, na alfabeti yako itapata kazi: kurasa za mwisho ziwe faharasa ya majina, Rochereau akielekeza kwa Tabu Ley. Pasipo na mwaka, soma kibandiko. Kikitaja Léopoldville, jina la zamani la Kinshasa, kwa kawaida santuri ni ya kabla ya 1966. Kikitaja Zaïre kama nchi, haikutoka kabla ya Oktoba 1971. Andika "kabla ya" au "baada ya", usibuni tarehe.

Nunua daftari lenye jalada gumu huko Bukavu, lenye kurasa nyingi, pamoja na penseli. Usiandike kwa kalamu ya wino hadi tumalize rafu ya OK Jazz, maana ndiyo itakayotubishanisha zaidi.

Ni mimi baba yako.