Mmetengana bila talaka, ukajaza "sijaolewa" kwenye fomu ya kodi ya Marekani
Dada, kama hadi Desemba 31 hapakuwa na talaka wala amri ya mahakama ya kutengana, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) bado inakuhesabu mke wa mtu. Rekebisha kwa Fomu 1040-X (ya kusahihisha fomu ya kodi uliyokwisha kutuma), eleza sababu kwa ufupi, na kama kuna nyongeza ya kodi ilipe mapema maana riba inaendelea kupanda. Ila mumeo kama hakuishi kwako miezi 6 ya mwisho ya mwaka, mtoto wenu alikaa nawe zaidi ya nusu mwaka, na zaidi ya nusu ya gharama za nyumba ulitoa wewe, jaza "mkuu wa kaya" (head of household), kodi yake nafuu. Nawajazia watu fomu hizi kila msimu, wengi hawalijui hilo. Tunza risiti za kodi ya nyumba na umeme.