Lainibeka mpya, anza na macho

Wadogo zangu mnaoingia vyuo vya Marekani kucheza lainibeka, yaani mlinzi wa futiboli ya Marekani anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi, mtaulizwa kilo zenu na kasi yenu kabla hata ya majina. Mwili ujengeni, ni lazima. Ila mimi niliyeicheza nafasi hiyo nawaomba mkae chini mtazame mechi za Luke Kuechly akiwa Boston College.

Alianza pale 2009. Nyota wa nafasi hiyo, Mark Herzlich, alikuwa anatibiwa saratani, na mgeni akapata namba. Msimu wa kwanza aliangusha wapinzani mara 158, wa pili 183, wa tatu 191. Mwaka 2011 akabeba tuzo ya Butkus, ya lainibeka bora wa vyuo. Carolina Panthers, timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, wakamchagua wa 9 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya mwaka 2012, na 2013 akawa mlinzi bora wa ligi hiyo.

Alikuwa anafika mapema kwa sababu alishajua mpira unakwenda wapi. Video za wapinzani alizichambua hadi akawa anawapigia wenzake kelele, anawatajia mchezo unaokuja kabla haujaanza.

Ninyi anzeni na gadi, mchezaji wa mstari wa mbele wa ushambuliaji anayewazuia walinzi. Msimkodolee macho kwotabeki, yule anayerusha pasi, kazi yake ni kuwahadaa. Gadi akiulalia mkono hadi vidole vinazama kwenye nyasi, mara nyingi anakuja mbele: wanakimbia na mpira. Mkono ukigusa chini kidogo tu na uzito uko visiginoni, jiandae kwa pasi. Akichomoka kwenda pembeni, mfuate, mpira hauko mbali. Rudieni video nzima mkimwangalia yeye tu. Inachosha sana, lakini miguu itaanza kuondoka bila kusubiri kuambiwa.

Kuna jambo linaloniuma. Kuechly alistaafu Januari 2020 akiwa na miaka 28. Alipata mtikisiko wa ubongo 2015, 2016 na 2017, na ule wa 2016 alitolewa uwanjani kwa kigari, analia. Kwa hiyo pigeni kwa bega, kichwa kikae kando, macho juu. Ukigongwa, kisha taa zikakuchoma macho au ukasahau mchezo uliopangwa sasa hivi, usimfiche daktari wa timu eti kuna mtu benchi anainyemelea namba yako. Mwambie palepale, kabla hujavaa kofia tena.