Leseni ya VSAT: wadogo zangu, anzeni kwenye dishi kabla ya fomu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya VSAT, yani madishi madogo ya kutuma na kupokea mawasiliano kwa setilaiti, hasa mlioko huku kwetu Tanga, Muheza, Pangani mpaka Horohoro, maswali yenu mengi ni yale yale, fomu ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inajazwaje na kwanini inarudishwa. Nimejaza fomu nyingi na nimesaidia wengi kujaza, na nawaambia kabisa, fomu inayosumbua ni ile iliyojazwa na mtu ambae hajafika kwenye saiti.

Kwanza tofautisheni hivi vitu viwili. Kuna leseni ya kufanya hiyo shughuli, kujenga mtandao au kuuza huduma, alafu kuna leseni ya masafa, yani ruhusa ya kurusha mawimbi kwenye bendi fulani ukiwa sehemu fulani. Zote ziko TCRA, na sheria yenyewe ni ile ya mawasiliano ya elektroniki na posta ya 2010, wengi tunaiita EPOCA, itafuteni muisome hata kama inachosha. Kuwa na moja haimaanishi unayo nyingine. So mteja akikupigia, kabla ya kuongelea bei muulize anataka kufanya nini, maana hoteli ya Pangani inayotaka intaneti ya ofisini kwake sio sawa na mtu anaetaka kuwauzia majirani. Vifaa navyo hakikisheni vimeidhinishwa kabla hamjaagiza, sio mzigo umeshafika bandarini ndo unaanza kuulizia. Mambo ya BRELA na TIN sitayaongelea, yanajulikana.

Sasa twende kwenye koodineti, hapa ndo watu wanaumia. Fomu inataka kujua dishi liko wapi hasa. Tanga mjini tuko karibu nyuzi 5 na dakika 4 kusini, nyuzi 39 na dakika 6 mashariki. Kijana anachukua simu, anaona 5 na 04, anaandika 5.04. Hiyo sio sawa! Dakika ziko 60 kwenye nyuzi moja, kwaiyo dakika 4 ni kama 0.067, inatakiwa 5.067. Hapo tayari umelisogeza dishi karibu kilomita 3 kaskazini, na mkaguzi akija na kipimo chake anakuta mtambo hauko kwenye karatasi. Ukisahau kuandika kusini ndo balaa kabisa, dishi lako la Chumbageni hapa Tanga mjini linatokea kusini mwa Ethiopia. Pandeni paani, simameni pale pale kwenye nguzo, subirini GPS itulie ndo muandike.

Kuna njia rahisi ya kujikagua kwenye uelekeo. Setilaiti za kusimama sehemu moja zote ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu, na sisi tuko kusini ya ikweta. Kwaiyo dishi la Tanga lazima liangalie upande wa kaskazini, iwe kaskazini mashariki au kaskazini magharibi, ukiona kwenye fomu azimuthi, yani uelekeo wa dishi kwa nyuzi kuanzia kaskazini kuzunguka kulia, iko katikati ya 90 na 270 jua kuna mtu kakosea hesabu, usiisaini.

Alafu nguvu. Wengi wanaandika wati za BUC, kile kifaa cha kwenye dishi kinachokuza na kurusha mawimbi, wanadhani wamemaliza, kumbe kinachotakiwa ni nguvu inayotoka mbele ya dishi, EIRP. Chukua BUC ya wati 4, hiyo ni 6 dBW (ni wati zikiandikwa kwa desibeli, ndo maana hapa tunajumlisha na kutoa tu), dishi la mita 1.2 kwenye 14 GHz linaongeza kama 43, toa 1 ya upotevu kwenye kebo na viungio, unapata 48 dBW. Hesabu ya dakika mbili tu hiyo, ila usikopi ya saiti nyingine kwasababu ukibadilisha dishi namba yote inabadilika. Na sio urasimu jamani, setilaiti zimepangana nyuzi 2 au 3 tu, dishi dogo lenye nguvu kubwa alafu limelengwa ovyo linamwagia mawimbi setilaiti ya jirani, na anaeumia ni mtu ambae hata humjui.

Kitu kingine cha huku kwetu ni mpaka. Tuko karibu na Kenya na tuko baharini. Kwenye bendi ambazo setilaiti inagawana na mitambo ya maikrowevu ya mnara kwa mnara ardhini, mfano bendi ya C, eneo la kuratibu na nchi jirani, yani eneo ambalo lazima nchi mbili zikubaliane masafa ili mitambo isiingiliane, linaweza kuzidi kilomita 100, na juu ya bahari ya joto mawimbi yanaenda mbali kuliko nchi kavu. Uratibu huo unafanywa na serikali kwa serikali kwa taratibu za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, sio wewe na mteja wako, kwaiyo ukiwa na mradi wa kituo kikubwa Mkinga, kule mpakani, usimuahidi mteja wiki mbili. Muwekeni wazi tangu mwanzo, atanung'unika lakini atakuelewa.

Mwisho niongelee mafundi wanaokuja na gari asubuhi, wanafunga, jioni hao, waja leo waondoka leo kweli kweli. Wakishaondoka mteja anahamisha dishi nyuma ya jengo jipya, au anahama setilaiti kwasababu kapata bei nzuri, na leseni imebaki na taarifa za zamani. Wewe uliebaki Tanga ndo utapigiwa simu. Muachieni mteja faili lenye nakala ya leseni, picha ya dishi, koodineti, namba za serial za BUC na modemu, na tarehe ya kulipia ada ya mwaka, na mwambieni mkiwa mmekaa, sio kwa meseji, kwamba akitaka kusogeza chochote awapigie kwanza ili TCRA waandikiwe kabla mtu hajagusa bolti.