Mchango wa Matibabu Uliobaki: Je, Tumtolee Marehemu Sadaka?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wetu. Mdogo wangu wa miaka 19 alikuwa na ugonjwa wa moyo ulioanzia kwenye mafindofindo ya utotoni. Tulimchangia aende Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mauti yakamfika kabla ya safari. Pesa zimebaki. Baba mdogo anataka zifanyiwe arobaini. Vijana wenzake wanataka tuendelee kuchanga kwa jina lake, wasaidiwe watoto wengine wenye maradhi hayo. Je, thawabu zitamfikia? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Allah amrehemu, awape wazazi wenu subira.

Thawabu zitamfikia, ondoa shaka. Sahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo. Akamuuliza Mtume (s.a.w.): nikimtolea sadaka, itamfaa? Akajibiwa: ndiyo. Saad akaitoa bustani yake, kama alivyopokea Bukhari.

Penye uzito, mwanangu, ni hizo pesa zilizobaki. Si mirathi, wala si za baba yako mdogo. Watu walizitoa kwa nia moja: kijana atibiwe. Kama kuna deni la hospitali, lilipwe kwanza. Kisha warudieni waliochanga, hata kwa simu. Anayetaka chake arudishiwe bila kununiwa. Anayeridhia, fungu lake liingie katika mchango mpya. Waliotia noti kwenye kapu baada ya Ijumaa na hawajulikani, fungu lao apewe mgonjwa mwingine wa moyo, maana hapo ndipo karibu zaidi na nia yao. Pilau ya arobaini haimo. Anayetaka kulisha watu atoe mfukoni mwake.

Hilo la vijana nimelipenda mno. Koo la mtoto likitibiwa mapema kwa penisilini, moyo husalimika. Ambaye valvu, yaani milango ya damu ndani ya moyo, zimeshaharibika huhitaji sindano ya dawa hiyo kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Na kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Basi msizimalize pesa kwenye fulana zenye picha ya marehemu. Mlipieni mama nauli, ampeleke mwanawe kliniki.

Zaka nayo yafaa kwa mgonjwa fakiri, akabidhiwe mwenyewe au mlezi wake. Vifaa vya hospitali vinunuliwe kwa sadaka ya kawaida, kwa kauli ya wanazuoni wengi.

Pesa zishikwe na watu wawili au zaidi, na hesabu isomwe mbele ya waliochanga.

Wallaahu aalam.